Hodi ya Kwanza

Zaina mwanangu,

Begi lako liko mlangoni, na shangazi yako amelifungua na kulifunga mpaka zipu imeanza kulalamika. Kwa hiyo mambo ya sweta, ya dawa ya kifua, ya kutokula vya kukaanga pale stendi ya Mombo, sitayagusa. Yana mwenyewe, na mwenyewe ana sauti kubwa kuliko yangu. Mimi nimekaa na kalamu uliyoisahau karakana, inayoandika inapotaka. Shule unajua niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, mpaka leo tunasingiziana. Mahali utakaposhindwa kusoma, ujue hata mimi nilishindwa kuandika.

Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilolisema jana. Ulikuwa unamenya viazi, simu iko juu ya ndoo, na bosi wako mpya wa Morogoro anakueleza habari za mashine unayokwenda kuiwasha. Imekaa stoo miaka, fundi wa kwanza aliondoka, wewe ndiye utakayeifufua. Nikafurahi, nikajidai nanoa jembe ili nisikie vizuri. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekurahisishia maisha, kwamba zile swichi za mwisho wa meza, za kuisimamisha mashine isipitilize, ni usumbufu mtupu, zinasimamisha kazi bila sababu, fundi wa kwanza alizifunga kwa utepe na mambo yakaenda. Na wewe fanya hivyo, kazi ianze siku hiyo hiyo.

Ukacheka. Ukasema, "Tutaona, bosi."

Hiyo "tutaona" ni yangu, Zaina. Nimeitumia maisha yangu yote, umeiokota hapa nyumbani kama ulivyookota miguu yangu mibaya. Nataka uirudishe kabla hujapanda gari.

Najua pia kwa nini ulicheka. Una ile hadithi ya fagio. Umeisimulia chuoni, umemsimulia shangazi yako mpaka ameichoka, na nina hakika ulimsimulia huyo bosi alipokuwa anakuhoji: kwamba baba yako ni mtu wa mizaha lakini ana jicho, na siku mashine ilipokosea, jicho lile lilikuokoa. Hadithi nzuri. Ina kosa moja tu, na nitalifikia. Lakini siwezi kulifikia bila kuanza na siku mashine yetu ilipopandishwa huku mlimani, kwa sababu siku hiyo ulikuwa chuoni na ulichosikia ni zile sehemu za kuchekesha.

Lori lilikwama chini kwenye kona, masika yale ya matope hadi magotini. Tukaishusha palepale. Kwa watu wa viwanda ile ni mashine ndogo, lakini begani hakuna chuma kidogo. Tukafungua kichwa na mota tukavibeba mbele, na kiwiliwili chake tukakilaza juu ya miti miwili ya mkaratusi, tukakifunika kwa turubai ili mvua isiingie. Turubai lililopatikana lilikuwa jeupe, lile la kuazima kwenye shughuli. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Sasa wewe jiweke pembeni ya njia: unaona wanaume wanakuja wameinamisha vichwa, wanakwenda haraka haraka, begani kuna kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cheupe. Utadhani nini?

Watu wakaanza kutoka mashambani. Unajua desturi yetu, huulizi kwanza ni nani. Unaacha jembe, unaingia chini ya jeneza, unaweka bega, unambebesha mwenzio baada ya hatua kadhaa, na habari za marehemu utazipata mbele ya safari. Wakaingia mmoja mmoja kutoka kwenye ukungu, wengine siwajui hata sura, na wengine sikuwaona tena walipotoka. Mzee mmoja akaanza kuvuta dhikri kwa sauti ya chini, nyuma wakaitikia. Wanawake wakasimama kando wamejifunika khanga vichwani.

Nilipaswa kusema. Lakini chuma kilikuwa kizito, Zaina, na mabega yalikuwa ya bure.

Karibu na msikiti akaingia Mzee Hoza, jirani yetu mwenye shamba la kabichi. Akabeba mpaka uani kwetu, machozi yanamtoka, maana yule mzee hulia hata kwenye misiba ya watu asiowafahamu. Tulipotua akaniinamia sikioni.

"Marehemu ni nani, Baba Zaina?"

"Mashine, mzee. Ya kuchonga vyuma."

Vijana wakaangua kicheko. Waliokuwa wakubwa walisonya, mmoja akaokota kofia yake akaondoka bila kuaga. Mzee Hoza hakucheka wala hakusonya. Alikwenda kwenye pipa, akanawa mikono polepole mpaka kwenye viwiko, akarudi, akaniambia, "Umewabebesha watu jeneza lisilo na mtu. Siku moja litamtafuta mtu wake."

Nikamjibu kwamba likianza kutafuta litaanzia kwake, maana kwa umri ndiye aliye karibu na mlango. Akatabasamu kidogo, kwa heshima. Mimi niliona nimeshinda.

Uliporudi likizo ile ya kwanza ulinikuta nimeshaiunganisha, na watu wanakuja asubuhi kuitazama kama sinema. Walichopenda si kuchonga. Walipenda ule mwanzo. Ninawasha, nabonyeza kile kitufe chenye picha ya nyumba, nakaa mbali mikono nyuma. Kichwa kinapanda juu, chenyewe, mpaka kinagusa swichi yake. Halafu meza inaanza kwenda kushoto, hakuna anayeisukuma, inanguruma mdomo umefungwa kama mtu anayekumbuka wimbo. Inagusa. Inarudi nyuma kidogo. Inasogea tena, safari hii taratibu sana, inagusa mara ya pili, inatulia. Kisha inafanya hivyo hivyo kwa upande wa mbele na nyuma. Siku moja Mzee Hoza alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Yeye hakuwahi kuiita mashine; kwake lilibaki jeneza.

"Linapapasa," akasema.

Watu wakaacha kucheka. Na ndivyo ilivyo hasa, mwanangu. Mashine ile ukiizima inasahau kila kitu. Ukiiwasha haijui iko wapi. Meza inaweza kuwa mwisho kabisa wa kushoto na yenyewe ikaamini iko katikati, na itakwenda kwa imani hiyo kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana ni lazima kwanza ipapase mpaka iguse kitu cha hakika. Na wakati inapapasa, ile mipaka uliyoiandika kwenye kompyuta haifanyi kazi, maana mpaka wa kwenye kompyuta ni wa mtu anayejua aliposimama. Kwa muda ule mfupi hakuna kinachoishika ila swichi ya mwisho na waya wake. Hayo ulinifundisha wewe, nakurudishia tu yakiwa na vumbi.

Marehemu mama yako alikuwa akiniambia mimi ni mtu wa kujua mwisho wa njia kwa kujigonga. Yeye alikuwa anajua pa kuishia kabla ya kufika. Akinyamaza mezani, ujue kuna neno ameliona liko mbele akaamua kutolifikia. Mimi nililifikia kila mara, nikaligonga, nikarudi nyuma kidogo, nikaligonga tena. Angekuwepo asingeniruhusu kuweka ile mashine karibu na ukuta namna ile. Lakini karakana ni ndogo na nilitaka nafasi ya kukaa na wageni wangu wa kahawa, kwa hiyo niliisogeza mpaka kati ya mwisho wa meza na ukuta wa mawe pakabaki upenyo wa mtu mwembamba kusimama kiubavu. Nilipima meza ikiwa imefika kwenye swichi. Sikupima meza ikiwa imeipita swichi. Sikuwaza kwamba inaweza kupita.

Halafu lile la nyaya. Ulinipigia simu kutoka chuoni, ukasema, "Baba, geuza. Umeme uwe unapita muda wote, swichi ikiguswa ndiyo ukatike. Hapo hata waya ukikatika wenyewe, mashine itadhani imefika, itasimama." Mimi nilikuwa nimezifunga kama kengele ya mlango: kimya, mpaka uguse. Nikakuuliza tangu lini kengele ya mlango ikawa inalia muda wote ili ikinyamaza tujue kuna mgeni. Wageni wangu wa kahawa wakacheka, na mimi nilikuwa nimefungua sauti ya simu ili wacheke. Ukasema, "Haya, tate." Unaniita tate kwa Kishambaa ukitaka kitu au ukikata tamaa. Siku hiyo hukuwa unataka kitu.

Nikuambie na hili la panya, ingawa unalijua. Kipupwe kikianza wanaingia ndani kutafuta joto, na kwenye ile mashine mahali penye joto ni nyuma ya meza, penye nyaya. Waya uliofungwa kama kengele ukitafunwa, kompyuta haioni tofauti yoyote. Swichi iliyokufa na swichi ambayo haijaguswa, kwake ni kitu kimoja. Inakuonyesha skrini ile ile safi, na wewe unaiamini kwa sababu ni safi.

Sasa siku yenyewe.

Umeme ulikatika alfajiri, ukarudi jua likiwa limepanda, jua la jina tu maana ukungu ulikuwa umejaa mlangoni kama mtu aliyesimama. Ulikuwa likizo. Ukaja karakana, ukachukua lile fagio lenye mpini wa mkaratusi, ukajipenyeza kule kati ya meza na ukuta kufagia chembe za chuma. Ukaniuliza bila kuinua kichwa kama swichi nimezijaribu. Nikasema juzi zilikuwa nzima. Kweli zilikuwa nzima, juzi. Panya wao wana zamu ya usiku.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na macho kwenye skrini. Nikabonyeza nyumba.

Kichwa kilipanda vizuri. Kikagusa. Meza ikaanza kuja upande wako, na wewe ulikuwa hujali, maana umezoea inaishia pale inapoishia na wewe unabaki na nafasi yako ya kiubavu. Halafu nikakusikia unasema, kawaida kabisa, "Kuna mtu anapiga hodi." Ukaegemeza fagio ukutani, ukatoka, ukaita karibu huku unaingia kwenye ukungu.

Nilichosikia baada ya hapo ni kama mtu anapinda mfupa wa ng'ombe bila haraka. Nikageuka. Meza ilikuwa imeshapita mahali pake. Mpini wa fagio ulikuwa umebanwa kati ya chuma na mawe, umejipinda kama upinde, ukapasuka, na meza ikaendelea kusogea mpaka mwisho wa mwisho, pale mota inapoanza kuguna. Nilikirukia kile kitufe chekundu cha kusimamishia kwa mkono wenye kikombe, chai ikamwagika kwenye kompyuta. Mota ikaacha kuguna. Ukungu uliingia kidogo ndani, ukafika mpaka kwenye meza, nauona mpaka leo.

Ukarudi. "Nje hakuna mtu," ukasema. Kisha ukaliona fagio. Ukalitazama, ukajitazama kifua, ukanitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Nani mwingine?" nikasema.

Ulikuwa na kila sababu ya kuamini. Kijiji kizima kinajua nilivyo na sauti za watu. Nimewahi kumtoa imamu bafuni na povu kichwani kwa sauti ya mkewe. Nimepiga hodi kwa Mzee Hoza kwa sauti ya mwenyekiti wa kijiji, akatoka amevaa koti la suti. Kwa hiyo uliamini kwamba niliiona meza inakuja, nikajua nikipiga kelele utashtuka na kuganda palepale, nikatumia njia ya kukutoa kwa miguu yako mwenyewe.

Lakini ulisema jambo lingine kabla ya kutoka, na ulilisema umenigeuzia mgongo. "Baba, sauti ya mama usiiigize tena."

Ukakaa siku kadhaa bila kusema na mimi. Ulinipakulia, ukaniamkia shikamoo kila asubuhi kama kawaida, ukamaliza. Nami nilikula nikanyamaza. Baadaye ulinisamehe mwenyewe, ukasema umeelewa, kwamba sauti nyingine yoyote usingeiitikia haraka namna ile, kwa hiyo nilichagua vizuri. Tangu hapo ndipo hadithi ikawa hadithi, na mimi nikawa mtu mwenye jicho.

Zaina, sikuwa mimi.

Sikuiona meza. Nilikuwa natazama herufi. Hodi yenyewe sikuisikia, na kutoka niliposimama mpaka mlangoni ni karibu kuliko ulipokuwa wewe. Na sauti ya mama yako sijawahi kuiiga, si mbele yako wala peke yangu. Nimejaribu mara moja tu, baada ya siku ile, nikiwa shambani, ili nijue kama ningeweza. Haikutoka. Ilitoka kikohozi.

Utaniuliza kwa nini nilikubali. Kwa sababu ulikuwa umeshaniuliza na jibu lilikuwa jepesi. Kwa sababu nilijua nikisema si mimi hutaingia tena karakana, na mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Na kwa sababu, hapa kalamu imekataa, ngoja niisugue. Kwa sababu kuonwa baba mkatili mwenye macho kulikuwa afadhali kuliko kuonwa kipofu. Uliponikasirikia, ulinikasirikia kama mtu aliyekuwepo. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikuwepo.

Bibi yako, mama yangu, alitufundisha tukiwa wadogo kwamba kwenye ukungu hodi ya kwanza haiitikiwi. Unangoja ya pili. Mtu wa kweli atarudia, asiye wa kweli hana subira. Mimi na ndugu zangu wote tulikua tukiganda kwa hodi ya kwanza, mkono uko hewani, mpaka ije ya pili. Wewe alikufundisha pia, nilikuwepo, ulikuwa unasuka mkeka wako wa kwanza na hukuwa unasikiliza. Namshukuru Mungu kwa masikio yako mabovu. Nimepiga hesabu ile kwa kusimama na kulitazama fagio, sina haja ya saa. Ungeingoja ya pili, ungeingojea pale pale.

Na mama yako, kumbuka, alikuwa hapigi hodi mara mbili. Mara moja, yuko ndani.

Jioni ile nilifuata waya nyuma ya meza, nikaukuta umetafunwa, ncha zake mbili zinang'aa kama meno. Kwa hiyo la waya ninalo, ni panya, na aliyemfungulia njia panya ni mimi na kengele yangu. Sitaki useme baba amezeeka anaanza mambo ya mizimu. Panya ninaye. Ila nilikwenda pia kwa Mzee Hoza, nikiwa nimevaa kofia, sikumtania, nikamweleza. Yule mbuzi uliyedhani ni wa kukuaga ukirudi chuoni hakuwa wako. Nilikuwa nawalisha watu walioweka mabega. Nilikwenda njia nzima kuwaalika, na kuna nyumba niliulizwa, "Wewe ulijuaje kama nilikuwemo?" na kuna mabega ambayo mpaka leo sikupata ni ya nani. Walikuja, wakasoma dua, wakala. Mzee Hoza alipomaliza kunawa aliingia karakana peke yake, akasimama mbele ya mashine. Nilikuwa nyuma yake. Hakusema na mimi.

"Limemkosa," akasema. "Sasa litulie."

Kesho yake nikageuza nyaya zote kama ulivyoniambia, nikaivuta mashine mbali na ukuta, wageni wangu wa kahawa wakakaa nje na baridi yao. Ulipouliza kilichonibadilisha nilisingizia mgongo, kwamba unataka nafasi ya kuinama. Nikajifunza na lile la kuchora chaki mwisho wa meza unapofika, na kuuweka mpaka wa kompyuta ndani ya chaki, ili swichi ziwe za siku mbaya tu na si za kila siku. Mama yako angecheka. Nimefika kwenye akili zake nikiwa sina meno.

Sasa Morogoro. Ile mashine imekaa stoo, Zaina. Stoo zina panya na Morogoro haijawahi kuwa na upungufu. Utepe wa fundi wa kwanza sijui umefunika nini, wala yeye huenda hakujua. Bosi akisema swichi zinasimamisha kazi bila sababu, mimi nasikia waya unaolalamika na mtu aliyeuziba mdomo. Huenda ni kelele ya umeme wa mota inaingia kwenye waya mwembamba, huenda ni unyevu, huenda swichi ilikuwa inasema kweli na hakuna aliyeinama kutazama. Utajua wewe. Ila utajua kwa kuinama ukiwa umezima.

Usimwambie "hapana", hatakuelewa, watu wanaosubiri mashine yao iwake wana masikio ya bwana harusi. Mwambie kazi itaanza mchana. Akija mchana mwambie saa tisa. Huko kunyoosha muda ndio mzaha wangu pekee niliowahi kuufanya wenye faida. Katikati hapo toa utepe. Bonyeza kila swichi wewe mwenyewe, mashine ikiwa imesimama, na uone kwenye skrini kwamba imesikia, na imesikia ile uliyoibonyeza na si mwenzake wa upande wa pili. Chomoa waya uone kama inashtuka. Isiposhtuka, usiendelee, hata kama bosi amemleta mkewe na wapiga picha. Halafu mwendo wa kinyonga, mkono kwenye kitufe chekundu, na kabla ya hiyo nyumba yao kubonyezwa, tembea uizunguke mashine uone nani amesimama wapi. Utamkuta mtu. Kila karakana ina mtu mmoja anayependa kufagia.

Na ufanye hivyo kila umeme unaporudi. Usiuamini uzima wa juzi.

Kwenye begi, chini kabisa, shangazi yako asipopaona, nimekuwekea kipande cha ule mpini wa fagio. Nimekisugua kwa msasa, ile ncha iliyopasuka nimeiacha. Nilikikata kwa urefu wa kifua chako kiubavu, nikikisia kwa gauni lako lililokuwa kwenye kamba. Tumia hicho kubonyezea swichi, usitumie kidole. Na kabla ya kupapasisha mashine yoyote kwa mara ya kwanza, kisimamishe mahali mtu angeweza kusimama. Bosi akikuuliza ni nini, mwambie ni mtu.

Sikuambii haya ili uogope. Kuogopa hakujawahi kumfaa fundi, mkono unatetemeka. Nakuambia kwa sababu ulipocheka jana ulicheka kama mtu anayejua kuna mwenzake nyuma anatazama. Hakuna aliyekuwa anatazama. Siku ile palikuwa na waya uliokatika, baba anayesoma herufi, na hodi moja ambayo sina maelezo yake, na sidhani kama inajua njia ya Morogoro. Fanya kazi kama mtu ambaye hataitwa.

Hadithi ya fagio endelea kuisimulia ukitaka. Mimi nitoe tu. Na usinikasirikie kwa siku kadhaa, maana safari hii sitakuwepo kupakuliwa.

Gari linaondoka mapema. Nitakuja kukuamsha mwenyewe, shangazi yako nimemkataza. Nitagonga mlango kwa mkono kwanza, ndipo niseme hodi, na nitaisema kwa sauti yangu hii mbaya, ili ujue ni mimi. Nimeamua kuanzia sasa hodi zangu zote nitazigonga.

Ukiisikia bila kugongwa, hapa au kokote utakakokuwa, itikia ya kwanza. Toka kwanza, ndipo uulize ni nani.

Baba yako